Nani Alimupa Maji ya Mwisho

Likasi, Kikula, 11 februari 2024

Yaya Lambert,

Salamu kwako, kwa bibi yako na batoto, na kwa bale bote banaulizaka habari yetu kule Mwene-Ditu. Shiye hapa tuko. Mvua haipumuziki, ukuta ya choo imeanguka, na umeme ya barrage ya Koni inakuja vile inapenda. Ku masomo niko na batoto makumi sita na mbili mu kilasi ya tatu. Nikisahihisha ma-cahier yabo, macho inalia yenyewe.

Utashangaa kuona barua wakati simu iko. Sababu ni Mama. Nyumba yetu unaijua, ukuta ya katikati haifiki hata juu, na masikio ya Mama yetu Élisabeth haijazeeka. Nikikuita mu simu anasema: "Weka haut-parleur, na minye nisikie mutoto yangu." Sasa kuko maneno yenye hapaswe kusikia. Njo maana naandika, na Papy wa camion njo atabeba.

Yaya, tulirudia na Mama toka Lubumbashi siku ya tano. Docteur aliniita pembeni. Ni kansa ya kizazi, imeenea, hakuna tena kupasua. Alisema: "Mumurudishe nyumbani, mumuangalie asiumie." Nilimuuliza miezi ngapi, akatazama kalamu yake. Mama yeye tulimuambia ni kidonda, kitapona.

Docteur alinipa jina ya équipe moja ya hapa, Centre Pumuzika. Banaangalia bagonjwa bale hôpital imebaacha, pa centre yabo na hata mu nyumba za bantu. Lakini mu quartier banacheka: "Pumuzika? Eeh, utapumuzika kweli!" Banasema iko na dawa ya maji, ukiinywa mara ya kwanza unalala, mara ya pili unalamukia mbinguni. Niko na woga, Yaya. Nikibakataa, Mama ataumia. Nikibakubali, na ikiwa ni kweli?

Weye njo mukubwa. Sema, nitafanya.

Tena: Mama mudogo Christiane alituma habari toka Kakanda, anataka kuja kunisaidia kuangalia dada yake. Tonton Ruffin, ndugu ya Papa, amekataa. Anasema mwanamuke mwenye alimunywesha Papa maji ya mwisho hatakanyaga tena pa mulango yetu. Nimujibu nini?

Mudogo yako,
Colette


Mwene-Ditu, 2 machi 2024

Mudogo yangu Colette,

Barua yako imefika na mafuta ya camion juu yake, lakini inasomeka. Nashukuru. Hapa tuko wazima. Mutoto yangu Joëlle anakohoa juu ya vumbi ya gare, bibi yangu anamupikia majani. Kazi ya depot inaendelea, wagons zinafika wakati zinapenda.

Habari ya Mama nimeisoma mara tatu. Siku mbili sikukula. Sitaandika mengi juu ya hiyo.

Usibakubali, usibakatae. Enda kwanza uangalie. Fika mbele ya saa balikupa, bakose wakati ya kupanga bintu. Angalia kama maji iko karibu na mukono ya mugonjwa ao iko mbali. Angalia makucha yake, kama imekatwa. Sikia kama banamuita jina yake ao namba ya kitanda. Uite, uhesabu dakika mbele bakuje. Muntu anaweza kupaka rangi ku ukuta juu ya bageni, lakini makucha ya mugonjwa haidanganyi.

Na ile kubwa kupita zote: nani anatoa dawa? Kama bao benyewe banatoa kila kipimo kwa mukono yabo na banatia saini, hiyo ni équipe ya kweli. Kama banaacha chupa kwa famille, ni bavivu, ubakimbie. Colette, nisikilize vizuri. Usiguse ile chupa. Wala weye, wala muntu mwengine wa nyumba. Usiniulize sababu.

Yaya yako,
Lambert


Likasi, 24 machi 2024

Yaya Lambert,

Pole kwa Joëlle. Umupe asali na ndimu, majani peke yake haitoshi. Ukuta ya choo tumeisimamisha, imeinama kidogo sawa mulevi lakini inatuficha.

Nilienda paka vile ulisema. Nilibaambia nitafika saa ine, nikafika saa mbili. Centre ni nyumba ya bitanda sita na kiwanja kidogo cha mboga. Infirmière mukubwa, Mama Fidélie, nilimukuta anakata makucha ya muzee moja, muguu ya muzee iko mu mapaja yake. Hakusimama kunipokea. "Kaa, mama, nimalize kidole hii." Hapo hapo nikamupa point ya kwanza. Minye ni mwalimu, Yaya, sijui kuangalia kazi ya muntu bila kutoa points.

Kulikuwa mwanamuke mwenye kansa ya titi, kidonda wazi. Nilikuwa nangoja harufu. Haikuwako. Banasaga bidonge, banamwaga unga yake mu kidonda, na nyuma ya siku tatu harufu inaisha. Mama Fidélie anasema bagonjwa bengine banalia siku ile kuliko siku zote, juu bajukuu banarudi kukaa pa kitanda yabo.

Niliita "Infirmière!" bure tu, kwa kubapima. Muntu alifika mbele sijafunga kinywa. Akanikaripia: "Mama, hapa hatuitane kwa muchezo!" Nilisikia haya, lakini nikaandika tisa juu ya kumi.

Nikamuuliza Mama Fidélie wazi: "Bantu banasema munaua." Aliweka mukasi chini. "Bengi banafwa hapa, ni kweli. Balitumwa kwetu juu hakuna tena kuponya. Enda uulize ba famille, bagonjwa yabo balikufwa namna gani." Akanipa jina ya mwanaume moja wa Panda, Samy, bibi yake alifwa mu mukono yabo mwaka ulioisha. Nilienda kwake. Ule bwana alinikaribisha kiti, akaniambia: "Siku moja mbele ya kufwa, bibi yangu alikula bukari, akanitukana juu mboga ilikuwa na chumvi mingi. Miezi mbili hakuwa na nguvu ya kunitukana." Akaanza kulia na kucheka. Hapo sikujua niandike points ngapi.

Ninabapa usafi tisa, kuja mbio tisa, kuongea na mugonjwa kumi. Lakini juu ya ile yako kubwa, banapata zéro. Banaacha chupa. Inaitwa morphine, ni ya maji, Mama atainywa kila masaa ine. Mama Fidélie anasema haiwezekani yeye kuwa mu kila nyumba kila masaa ine, na maumivu haingojake pikipiki. "Dawa inatolewa na mukono yenye inapenda mugonjwa," alisema.

Ile neno mukono ilinirudisha nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, lakini matanga ya Papa nayakumbuka. Tonton Ruffin anasimama katikati ya bantu, anauliza vile kwetu banaulizaka tangu babu zetu, bankambo: "Nani alimupa maji ya mwisho?" Bote bakamuangalia Mama mudogo Christiane, juu yeye njo alikuwa anamuangalia Papa. Alisema mara moja tu: "Si minye." Tonton akamuuliza: "Nani sasa?" Akanyamaza. Bakamuita mulozi, bakamufukuza na kikwembe moja ku mwili, mu mvua. Siku Mama atafwa, Tonton atasimama tena, na macho itaniangalia minye.

Nimebakubali, Yaya. Sikungoja barua yako, juu Mama ameanza kulia mchana, yeye mwenye hakulia hata wakati alikuwa anatuzaa.

Haukunijibu juu ya Mama mudogo.

Colette


Mwene-Ditu, 19 aprili 2024

Colette,

Joëlle amepona, asante ya asali. Bibi yangu anakusalimia.

Uliandika: "Sema, nitafanya." Nilisema, haukufanya. Équipe yenye inaacha dawa ya nguvu mu mikono ya mwalimu wa kilasi ya tatu, weye unaiita équipe? Makucha ni makucha tu. Umuambie ule Mama Fidélie akuje mwenyewe kila mara, ao atume muntu. Akishindwa, tutatafuta bengine.

Weye usitoe. Naandika mara ya pili.

Lambert


Likasi, 12 mei 2024

Yaya,

Tunakusalimia. Mvua imekatika, baridi imeanza, batoto banakuja ku masomo bamevaa soksi mu mikono. Mama anauliza kama uko unavaa flanelle.

Bengine hakuna, Yaya. Hapa Likasi ni bao ao ni minye peke yangu na Rozari.

Mama haiko muzuri. Mama Fidélie anakuja mara mbili kwa juma, siku ya kwanza na ya ine. Anamusafisha mwili, anamuogesha nywele, anamuuliza: "Maumivu ni vidole ngapi?" Ngumi ni hakuna, vidole tano ni kupita nguvu. Mama ananyoosha tano. Kila mara tano. Mama Fidélie anaandika mu cahier, anakunja uso, anaongeza kipimo, na siku ya kurudi ni tano tena. Ninampa vile banasema. Dawa yabo haifanye kazi, pengine ni maji tu ya sukari. Nimebapunguzia: ine juu ya kumi.

Kuja, Yaya. Sikulombi kitu kingine. Anakuuliza mu simu "Utakuja lini?", unajibu "Mama, réseau ni mubaya." Jana alinirudishia simu akasema: "Réseau ya Lambert inaharibikaka paka pa ile neno."

Na Mama mudogo Christiane? Barua ya tatu sasa nakuuliza. Ametuma unga ya mihogo kwa dada yake, Tonton ameirudisha.

Colette


Mwene-Ditu, 30 mei 2024

Colette,

Ubafukuze. Nilijua. Mama arudishwe hôpital, bale ba blouse nyeupe banyweshe bao, baandike bao.

Niko na kazi mingi, sitaweza kutoka mbele ya septemba.

L.


Likasi, 20 juni 2024

Yaya Lambert,

Leo sisalimie sana, unisamehe. Bankambo balisema: mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufunua. Acha nijifunue mbele ya kilio.

Barua yako ilifika siku ya kwanza asubui, nikaiweka mu mufuko. Mama Fidélie alipofika nikajipanga kumufukuza. Hakunipa nafasi. Alichukua chupa, akainyanyua pa dirisha, mu mwangaza. Akaangalia tarehe. "Hii ilipaswa kuisha jana. Iko nusu." Halafu akaonja tone moja pa kidole. "Na ina maji ndani."

Ni minye, Yaya. Tangu siku ya kwanza. Balisema kijiko moja, nilikuwa nampa nusu. Siku zingine robo. Siku zingine, nikisikia Tonton Ruffin anakohoa mu kiwanja, simpi kitu, nainamisha tu kijiko pa midomo yake. Halafu naandika mu cahier: "amekunywa." Balipoongeza kipimo, nikaongeza maji. Juma kumi na mbili Mama ananyoosha vidole tano, minye nakaa pale namuangalia, halafu nakuandikia kama équipe ni mubaya. Zéro ile ilikuwa yangu.

Nilingoja anipige. Aliketi pa mukeka karibu na minye. "Colette, unaogopa dawa ao unaogopa bantu?"

"Bantu."

"Juu ya dawa niko na majibu," akasema. "Haitamuua, ugonjwa njo inamuua. Juu ya bantu, haiko mu sanduku yangu."

Akapima kijiko chote, akaniwekea mu mukono. Yaya, nilishindwa kukifikisha pa midomo ya Mama, dawa ikamwangika pa mukeka. Akapima kingine, akamupa yeye mwenyewe. Mama alilala masaa matatu. Alipolamuka alilomba bukari na samaki ya bitoyo, akauliza kwa nini nywele yangu iko vile, na kama nimesahau kitana ni nini. Nilitoka inje nikalia sawa mutoto.

Lakini Mama Fidélie alienda. Nyuma ya masaa ine nilikuwa peke yangu na chupa, na sikuweza. Sikuweza, Yaya! Mama ananiangalia, najua inamuuma, na minye naona kikwembe ya Mama mudogo mu mvua.

Unisaidie. Ukisema mbele ya Tonton kama weye njo ulinituma, nitaweza. Na uniambie ukweli moja tu: kwa nini unaogopa ile chupa kuliko minye? Weye haukuwa hapa. Haukuiona hata.

Colette


Mwene-Ditu, 5 julai 2024

Colette, mutoto wa mama yangu,

Bote hapa bazima. Naandika hii mu bureau ya depot, mulango nimefunga na ufunguo.

Umupe Mama kipimo chote. Leo. Mbele ya kumaliza kusoma hii, umupe kwanza.

Sasa soma. Siku Papa alifwa, nilikuwa na miaka kumi na saba. Docteur alikataza asipewe maji mingi, mwili ulikuwa umevimba. Mama mudogo Christiane alikuwa anamulowanisha midomo na pamba tu. Alienda robinet na ndoo, akaniambia: "Ukae naye, usimupe kitu." Papa alinilomba maji. Alinilomba vile hakuwahi kumulomba muntu kitu mu maisha yake, alisema "tafazali." Nilichukua kikombe ya Mama mudogo, nikakijaza. Alikunywa yote. Akaniambia asante. Halafu akakohoa, na ilikuwa mwisho.

Nilirudisha kikombe pale kilikuwa.

Tonton alipouliza, nilikuwa nimesimama pembeni ya mulango. Mama mudogo aliniangalia. Colette, aliniangalia muda murefu, na alinyamaza. Kinywa yangu haikufunguka. Nilijiambia kesho. Kesho yake nilijiambia kesho. Maji ikimwangika haizoleki. Nilipanda train ya kuja huku, na kila mara muntu anasema Likasi, nasikia Papa anasema asante. Njo maana sikuji. Sijui nitamuangaliaje Mama, juu ni dada yake nilimuacha afukuzwe.

Kwa hiyo nilipima bale bantu na kipimo ya woga yangu. Bao ni bazuri. Tangu barua yako ya kwanza juu yabo nilijua ni bazuri.

Ndani ya hii bahasha kuko karatasi nimetia saini: "Minye Lambert, mutoto wa kwanza, njo nilimupa Mama dawa. Mukono ya Colette ni mukono yangu." Siku Tonton atauliza, uisome mbele ya bote. Hawatakugusa.

Usimuambie Mama mudogo. Nakulomba.

Lambert


Likasi, 21 julai 2024

Yaya Lambert,

Mama anakusalimia kwa kinywa yake mwenyewe, ameniambia niandike hivyo. Amesema: "Muambie nilijua ni kansa tangu Lubumbashi, bakomeshe kunongona, banaharibu kalamu bure."

Nilisoma barua yako pa kizingiti. Pale uliandika "umupe kwanza", nilisimama nikamupa. Kipimo chote. Hata tone moja haikumwangika. Halafu nikasoma yaliyobaki, nikakutukana kwa sauti, Mama akauliza ni nani namutukana. Nikasema ni panya.

Kesho yake nilichukua pikipiki mpaka Kakanda. Ulilomba nisimuambie. Nimemuambia. Mama mudogo Christiane alikuwa anachambua kalanga. Nilimusomea yote mpaka mwisho. Mikono yake haikusimama. Akasema: "Soma tena pale pa kikombe." Nikasoma tena.

Akasema: "Nilimuona pa dirisha, niko na ndoo ku kichwa. Nikafikiri, huyu mutoto bakimuita mulozi, maisha yake imeisha leo. Minye niko mukubwa, nitabeba. Lakini nilifikiri atakuja siku moja, hata kunisalimia tu. Sikufikiri miaka makumi mbili na tatu."

Hakulia, Yaya. Ningependa alie. Alifunga kalanga mu kikwembe, akapanda pikipiki nyuma yangu. Tonton Ruffin alisimama pa mulango na fimbo yake. Mama mudogo alimuambia: "Shemeji, leo utanipiga ao utanipisha." Akapita. Sasa analala pa mukeka karibu na dada yake, banacheka maneno ya zamani zenye shiye hatujui. Dawa nampa minye. Mama mudogo alitaka kunipokea kijiko, nimekataa. Mama Fidélie alikuja siku ya ine, akauliza vidole ngapi, Mama akamuonyesha ngumi. Ule Mama Fidélie mwenye hachekake, aligeuka akaangalia dirisha. Kisha inje akaniambia ni siku sasa, si miezi.

Woga haujaisha. Nakuambia wazi, nikisikia sauti ya Tonton, nakamata kijiko nguvu. Ninampa dawa na woga yangu ndani.

Ile karatasi yako nimeipasua. Ulinyamaza nyuma ya mwanamuke moja, sasa unataka kusema nyuma ya mwengine. Hapana, Yaya. Siku Tonton atauliza nani alimupa Mama kitu ya mwisho, nitasimama niseme: ni minye, Colette, na alilala bila kuumia. Bafanye vile banataka.

Usijibu hii barua, itachelewa. Panda kitu chochote chenye kinakuja huku, na ufike wakati Mama anasikia bado. Swali yangu nitaijibu mwenyewe. Kuja ujibu ya kwako.

Colette